Matone Mawili Kila Shavu

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Profesa Reddy ametaka kila mmoja wetu awe na daftari la majaribio, liandikwe kwa wino, pasifutwe kitu. Nimenunua mawili. Moja limebaki maabara ya chuo kule Westville. Hili la pili nimerudi nalo nyumbani Greyville, hapa hapa Durban, na humu nitaandika yasiyomhusu profesa.

Nikija kulisoma nikiwa bibi kizee, nisisahau: mwaka huu nina miaka thelathini na mmoja, nasomea shahada ya uzamili, na nalala chumba kidogo katika fleti ya kaka yangu Ephraim. Ephraim anatengeneza simu mjini, na Jumapili ni mzee wa kanisa. Mke wake, Marie-Jeanne, anasuka nywele saluni mtaa wa jirani na duka lake. Ana mimba ya miezi saba kasoro. Tulitoka Uvira, Kongo, mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake, na ni hapa tulipokuja kuwa tena chini ya paa moja.

Jumatano, 16 Oktoba

Jaribio limeharibika tena. Vijidudu vimejaa katika vishimo vyote tisini na sita vya sahani ya maabara, hata pale nilipoweka peptidi nyingi.

Jioni Marie-Jeanne alikuwa anapaka rangi kucha zake ndefu. Akaniuliza bila kuinua macho: "Wifi, kule Westville munafanyaka nini siku muzima?"

Nikamweleza. Kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna visima vidogo visivyoonekana kwa macho, na chini kabisa ya kila kisima zimekaa seli chache zinazotunza punje. Kijidudu kikisogea, zinamwaga punje hizo, na ndani yake mna peptidi: vipande vifupi vya protini, kama shanga thelathini na mbili kwenye uzi mmoja. Ipo inayotoboa ngozi ya kijidudu kikafa. Ipo nyingine ambayo haiui kabisa. Inafuma wavu na kukinasa, kisifike ukutani. Zinaitwa defensini. Kila mmoja wetu anazo, tajiri kwa maskini, na hakuna anayezishukuru.

"Bon," akasema, "iko polisi ya tumbo." Kisha simu yake ikalia, akanisahau.

Miaka miwili naishi naye na sijui kama amewahi kunisikiliza hadi mwisho. Ni mwanamke mzuri, anajijua ni mzuri, na mengine yote anamwachia Ephraim.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Jumanne, 22 Oktoba

Mtoto amezaliwa jana, wiki kumi na moja kabla ya siku zake.

Marie-Jeanne alikuwa saluni, amefika katikati ya kichwa cha mteja, akaanza kuona vimulimuli mbele ya macho. Mteja mwenyewe, nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, ndiye aliyemdaka asianguke, akampeleka hospitali kwa gari lake. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda hadi madaktari hawakutaka kusubiri. Saa tisa mchana walimpasua. Ni msichana. Kilo moja na gramu themanini. Ephraim amempa jina papo hapo, kabla ya kuulizwa: Jeancy.

Wanaoruhusiwa kuingia alimo ni baba na mama. Mimi shangazi nilimwona kupitia kioo. Amelala ndani ya inkubeta, mrija puani, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi, na magoti yana mikunjo kama ya mzee aliyepungua mwili. Huko Tanzania wanawaita watoto njiti. Nilikuwa nikilisikia neno hilo bila kuona kitu. Sasa naona.

Sista Ntombela, muuguzi mkuu wa zamu, alitufuata koridoni. "Nataka maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano," alisema. "Hata kama ni matone. Tunampaka mtoto mdomoni kwa kijiti cha pamba. Matone mawili kila shavu."

Tulipofika kando ya kitanda cha Marie-Jeanne, Ephraim akanigeukia. "Wewe ndiye umesoma mambo ya tumbo. Juu ya nini banasumbua mugonjwa kwa matone?"

Nikasema ninavyojua. Kwamba zile seli, kwa mtoto wa wiki ishirini na tisa, bado ni chache na punje zake hazijajaa. Kwamba kijidudu ambacho kwa mtoto aliyetimia ni mpita njia tu, kwa huyu kinaweza kuuozesha utumbo. Kwamba maziwa ya mama, hasa ya kwanza, yana peptidi na protini zake yenyewe, zinazoshika zamu hadi za mtoto zikomae. Nilisema kuoza. Nilisema na kufa. Niliongea kama niko mbele ya ubao, kwa kuwa nilidhani mgonjwa amelala.

Hakuwa amelala. Machozi yalikuwa yanamtoka chini ya macho yaliyofumbwa, yanatiririkia masikioni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Hakuna maziwa. Mvua ilisimama mchana, ikarudi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Marie-Jeanne amehamishiwa chumba cha akina mama, wanamolala wale wenye watoto ndani ya wodi ile. Vitanda sita. Nilimkuta ameketi, bakuli dogo la chuma mapajani, anajikamua kwa mkono kama alivyofundishwa. Kitu fulani kilikuwa tofauti, sikukitambua mara moja. Kisha nikaviona vidole vyake. Amekata kucha zote, fupi kabisa, na rangi ameifuta.

"Sista ndiye amekulazimisha?"

"Hapana."

Akaendelea kukamua. Baada ya robo saa alipata kiasi cha kulowesha kijiti kimoja. Akakipeleka mwenyewe, mkono mmoja umeshika mshono, bega linasugua ukuta. Nilinyoosha mkono nimbebee. Alinitazama, nikaurudisha.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mililita moja nzima! Ephraim ameipiga picha na kuwatumia watu hadi Kanada.

Jumanne, 29 Oktoba

Jirani wa kitanda cha Marie-Jeanne anaitwa Naseema. Ni wa wale Wazanzibari wa Durban, ambao wazee wao waliletwa hapa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Yeye amezaliwa hapa, mama yake hapa, bibi yake hapa. Kiswahili chake ni kidogo, alichoachiwa na bibi. Kikimwishia anaingia Kiingereza, nami humu naandika vyote kwa Kiswahili. Mwanawe Mahomed alizaliwa Alhamisi iliyopita, wiki ya thelathini na tatu, kilo mbili kasoro kidogo, na tayari anajifunza kunyonya. Maziwa ya Naseema hayana mwisho. Anajaza chupa, anaomba nyingine, anacheka kwa aibu.

Marie-Jeanne kila baada ya saa tatu anakamua na kupata kijiko. Wanaketi bega kwa bega. Sijui mimi ningeweza kuketi hapo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Sahani imejaa vijidudu tena. Jeancy gramu elfu moja na mia moja.

Jumamosi, 2 Novemba

Naseema ametoa neno leo. Benki ya maziwa ya hospitali ina chupa chache, na kwanza wanapewa walio chini ya kilo moja. Jeancy amewazidi kwa gramu mia, kwa hiyo ameachwa nje. Naseema akamwambia Marie-Jeanne: "Chukua yangu. Damu yangu ilishapimwa, na wao watayapasha moto kabla hayajamfika mtoto. Lakini mimi ni Mwislamu. Mtoto akinywa maziwa yangu anakuwa mtoto wangu, anakuwa dada yake Mahomed. Sharti nimjue ni nani, na ninyi mtujue. Siwezi kuyaacha yaende tu."

Marie-Jeanne akaniangalia mimi. Nilimwambia moto unapunguza baadhi ya zile peptidi, hauzimalizi, na kwamba yake mwenyewe ni bora kuliko yote, lakini ya Naseema ni bora kuliko maziwa ya kopo.

"Nitamwambia Ephraim," alisema.

Jumapili, 3 Novemba

Ephraim amekataa. Alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, suti imelowa mabega.

"Mutoto wangu anywe maziwa ya muntu nisiyemujua? Na kesho baje kusema ni mutoto wabo? Baje kusema ni Muislamu?"

"Kaka, hakuna aliyesema hivyo."

"Alisema atakuwa mutoto wake. Wewe ulisikia nini?"

Marie-Jeanne hakubishana. Alichukua bakuli lake akageukia ukuta. Mimi niliona huo ndio udhaifu wake ninaoujua. Nilirudi nyumbani kwa miguu katika manyunyu, nikiwa na hasira na wote wawili.

Jumanne, 5 Novemba

Joto. Madirisha yanatoa jasho.

Ijumaa, 8 Novemba

Jana, wakati niko Westville, Jeancy aliongezewa kipimo cha maziwa na ya mama yake hayakutosha. Daktari wa zamu alimweleza Ephraim kuhusu maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa watoto njiti. Marie-Jeanne alikuwa amelala. Ephraim akasaini. Nimepata habari leo jioni, na jambo limeshafanyika.

Nilipika wali, sikula.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika kwenye benchi la koridoni. Saa nne asubuhi.

Walituita saa moja. Tumbo la Jeancy limevimba, limekaza, ngozi inang'aa. Walipovuta mrija wa puani, kilichorudi kilikuwa cha kijani. Wamepiga picha ya eksirei na wameona hewa ndani ya ukuta wa utumbo, mahali ambapo hewa haifai kuwa. Wamesimamisha maziwa yote. Wamemwanzishia antibiotiki mbili kwa mshipa. Daktari wa upasuaji ameshaambiwa akae tayari. Naujua ugonjwa huu, ndio ule wa utumbo kuoza. Nimewahi kuuandikia kurasa kumi na moja zenye marejeo chini, na nilipata alama nzuri.

Saa sita. Naandika nilichofanya, maana daftari hili nalo halifutwi.

Ephraim alitoka wodini akiwa na suti ya kanisani. Nilimsimamia mbele nikasema: "Ni kopo lako hilo. Nilikueleza siku ya kwanza. Mwanamke alikupa maziwa bure ukamwuliza dini."

Aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto. Mlango ukafunguka, Marie-Jeanne akatoka. Alikuwa amesikia. Akamwangalia mumewe chini, akaniangalia mimi.

"Wifi, toka," alisema. "Nenda inje. Utarudi ukiwa na neno lingine."

Hakupaza sauti. Nilitoka. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye maegesho ya magari, nikasimama chini ya paa la walinzi. Mlinzi akaniambia "Eish, dada," akanipisha nafasi, asiniulize kitu.

Jumatatu, 11 Novemba

Bado yupo. Tumbo halijaongezeka wala kupungua.

Nilimsubiri daktari hadi amalize mzunguko wake nikamwuliza kama ni kopo. Ni mwanamke mfupi, ana macho mekundu ya kukosa usingizi. "Hakuna anayeweza kukuambia," alisema. "Nimeuona ugonjwa huu kwa watoto ambao hawakuonja chochote ila maziwa ya mama zao. Kopo linaongeza hatari, ndiyo. Lakini kuzaliwa mapema ndiyo hatari kubwa, na hilo halikufanywa na mtu." Kisha akaniuliza nasomea nini. Nilimwambia. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi unajua tofauti ya wengi na mmoja."

Ninaijua. Mtoto mmoja si jaribio. Nisingemruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aandike nilichomwambia kaka yangu.

Jumatano, 13 Novemba

Nilikwenda dukani kwake mjini. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, kioo cha kukuzia jichoni.

"Nisamehe, kaka. Nilisema nisichokijua."

Aliendelea na bisibisi yake. Baadaye akasema: "Siku tatu alikuwa hajalala. Kila saa tatu anaamka, anakamua, anapata kidogo, analia, analala saa moja. Siku ile alilala vizuri. Waliponiletea karatasi nikafikiri, nikikataa watamwamsha. Nilitaka apumzike. Ni hiyo tu."

Niliishi na mtu huyu utoto wangu wote, na kwa siku tano nilikuwa nimeamini alisaini kwa uvivu au kwa ubishi.

"Na wewe umelala?" nilimwuliza.

"Nitalala."

Akafunga ile simu, akaiwasha. Ikawaka.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumbo limelainika kidogo. Sista Ntombela amesema nisifurahi bado, huku yeye mwenyewe anatabasamu.

Ijumaa, 15 Novemba

Mahomed ameruhusiwa kwenda nyumbani na Naseema ameondoka naye. Marie-Jeanne bado anakamua kila saa tatu, maziwa ambayo mwanawe haruhusiwi kuyaonja. Anabandika jina na tarehe, anaweka kwenye friza. Yameanza kuongezeka. Nilimwuliza anapata wapi nguvu ya kukamulia friza. Akasema: "Akiomba chakula, nisimwambie ngojea."

Nimefikiria neno hilo njia nzima.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya ibada Ephraim hakurudi nyumbani. Alinipigia simu: "Vaa vizuri. Tunaenda kwa Naseema."

Mume wa Naseema, Uthmaan, ni fundi wa lifti, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alitukaribisha sebuleni, tukapewa chai na sambusa. Naseema aliketi na Mahomed begani. Ephraim alikaa ukingoni mwa kochi na kofia mkononi, akatafuta pa kuanzia, akapakosa, akaamua kusema tu.

"Mke wako alitupatia kitu nikakikataa. Nimekuja kukiomba."

Uthmaan aliweka kikombe chake mezani. "Mtoto anaendeleaje?"

"Banasema wiki hii labda ataanza tena kula. Maziwa ya mama yake yameongezeka, lakini hayatoshi."

"Basi nikuambie kwetu ilivyo, usije ukasema hukuambiwa. Mtoto akinywa maziwa ya mwanamke mara tano, hata kwa chupa, hata kwa mrija, ni mtoto wake. Mahomed na binti yako watakuwa ndugu. Hawataweza kuoana. Ni hilo tu tunalotaka lijulikane. Sitaki miaka ishirini na tano ijayo mwanangu aniletee mchumba, kumbe ni dada yake."

"Na mambo ya dini?"

"Maziwa hayamsilimishi mtu, bwana."

Naseema akacheka, mtoto akashtuka begani. Ephraim naye alicheka, mara ya kwanza tangu Oktoba. Kisha akawa na uso wa kufikiri.

"Sisi ni watu wa kuhamahama. Leo Durban, kesho sijui. Mutajuaje tuko wapi?"

Uthmaan aliingia chumbani, akarudi na kitabu chenye jalada la kitambaa, wanamoandika vizazi vya ukoo wao. Akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mstari wa chini kabisa ulikuwa wa Mahomed. "Nipe jina lake," alisema. Ephraim akamtajia herufi moja moja, la mtoto, la baba, la mama, na la Uvira.

Kwenye lifti ya jengo lao, tukishuka, kaka yangu aliinamisha uso ukutani akalia bila sauti. Nilimshika mgongoni.

Jumatano, 20 Novemba

Siku ya kumi. Wamemrudishia maziwa: mililita moja kila saa tatu, ya mama yake.

Ijumaa, 22 Novemba

Ameyapokea. Tumbo laini. Naseema alileta chupa mbili mwenyewe, katika kisanduku cha barafu, zikapelekwa kupashwa moto. Daktari ameziandikia jina: za Jeancy peke yake.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua kubwa, barabara kadhaa za chini zimejaa maji. Nilidhani Naseema hatakuja. Alikuja, sketi imelowa hadi magotini.

Jumanne, 3 Desemba

Mambo mawili.

La kwanza. Ilikuwa chumvi. Miezi mitatu nimekuza vijidudu kwenye mchuzi wa maabara wenye chumvi nyingi, na peptidi zangu zikikutana na chumvi hiyo hushindwa kushika ngozi ya kijidudu. Nilipunguza chumvi, na leo asubuhi mistari minne ya vishimo ilikuwa angavu kama maji, vijidudu vimekufa. Profesa Reddy alikuja kutazama, akainua sahani kwenye mwanga, akasema tu, "Rudia mara tatu." Kwake hiyo ni ngoma na vigelegele.

La pili. Marie-Jeanne sasa anaruhusiwa kumbeba Jeancy kifuani, ngozi kwa ngozi, saa nyingi kila siku. Gramu elfu moja mia saba na sitini. Sista Ntombela alinifumbia macho nikaingia na kuketi karibu nao. Nilikuwa na neno ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ya kwanza.

"Wifi, ile siku nilipokuwa nasema mambo ya utumbo kuoza. Nilidhani umelala. Nisamehe. Nilikutisha."

Alikuwa anamfunika mtoto kisogo kwa kiganja.

"Ulinitisha kweli," alisema. "Lakini nilisikia yote. Juu ya zile seli, juu ya punje, juu ya maziwa kushika zamu. Wengine wote walikuwa bananiambia Mungu atasaidia, na mimi niliamini, lakini sikujua nifanye nini na mikono yangu. Wewe ndiye uliniambia cha kufanya. Siku niliyohamishwa chumba nilimuomba Naseema mkasi wa kucha."

Mwanamke niliyemwandika humu kwamba hasikilizi alikuwa amebeba kila neno langu, akalifanyia kazi kila saa tatu kwa wiki sita, wakati mimi mwenye neno nilikuwa koridoni nagawa lawama.

"Unataka kumubeba?" akaniuliza.

Nikafungua vifungo vya juu vya blauzi yangu, akaniwekea mtoto kifuani. Alikuwa wa moto kuliko nilivyofikiri. Anapumua haraka haraka.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimerudia mara ya pili. Angavu tena.

Jumapili, 15 Desemba

Maziwa ya Marie-Jeanne sasa yanatosha. Leo Naseema ameleta chupa yake ya mwisho. Walikumbatiana mlangoni mwa wodi, na Marie-Jeanne amemwahidi kumsuka.

Ijumaa, 20 Desemba

Jeancy yuko nyumbani. Kilo mbili na gramu hamsini. Ephraim aliendesha gari la kuazima kwa mwendo ambao hata wapita kwa miguu walitupita, na kila robot, ile taa ya barabarani, ilipowaka kijani alisubiri kidogo kwanza.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisa lilijaa, tulibaki nyumbani. Mvua, wali, kuku, mtoto.

Jumanne, 7 Januari

Profesa Reddy ameuliza kama ningependa kuendelea hadi uzamivu, nichunguze peptidi za maziwa ya akina mama waliojifungua mapema. Nimesema nitafikiri. Nimeshafikiri, lakini nataka kwanza nimwulize Marie-Jeanne maswali. Anajua mambo ambayo sijayaona katika makala yoyote: maziwa yanavyobadilika rangi siku hadi siku, saa ipi yanakuja kwa wingi, na kwamba yalimtoka zaidi akiwa ameshika kofia ya mtoto.

Jumatatu, 27 Januari

Sindano za wiki kumi na nne, kliniki ya manispaa. Mahomed naye alipangiwa leo, kwa hiyo tulikutana kwenye foleni: Naseema, Marie-Jeanne, Ephraim aliyefunga duka kwa saa mbili, na mimi. Watoto waliwekwa kwenye blanketi moja juu ya benchi. Mahomed mkubwa, amenona mashavu. Jeancy nusu yake, lakini macho yake hayatulii. Anamtazama kila apitaye.

Nesi alitoka na kadi mkononi akaita jina la Jeancy. Tukainuka wote, Naseema akiwa amembeba Jeancy na Marie-Jeanne amembeba Mahomed, maana ndivyo walivyokuwa wamebadilishana. Nesi akasimama mlangoni.

"Mmoja mmoja, tafadhali. Nani ni mama wa huyu?"

Akina mama walitazamana wakaanza kucheka. Nesi hakucheka. Foleni ilikuwa ndefu na nje joto lilikuwa limeanza kupanda. Alisoma kadi ya kwanza, akasoma ya pili, majina yasiyofanana hata kidogo.

"Hawa watoto ni wa familia moja?"

Ephraim ndiye aliyejibu. Nilikuwa nageuka kumsaidia Kiingereza, hakunihitaji.

"Ni ndugu," alisema. "Huyu ni kaka yake."

Nesi aliwatazama kwa mara nyingine, mmoja baada ya mwingine, akainua mabega. "Sharp, sawa. Ingieni wote."

Tuliingia. Mahomed alichomwa kwanza, akalia kidogo, akanyamaza. Kisha nesi akamshika Jeancy paja, na Jeancy, ambaye wodini tulikuwa tunainama juu yake kusikia kama analia, alifungua kinywa akapiga ukelele uliotoka hadi kwenye foleni, na watu huko nje wakacheka.